CHUI WETU WANAJUA KUFUNGA MLANGO, KUFUNGA GOLI BADO



Tangu tarehe 6 Januari 2026, siku Léopards walipotolewa na Algeria kwenye Kombe la Afrika kule Rabat, ubishi katika shule yetu haukuisha. Unaanza asubuhi kwenye foleni ya maji, unaingia darasani, unafika mpaka kwenye nyumba ya kula, na usiku, taa zikisha kuzimwa, bado mutu anasikika kwenye giza akisema: "Bakambu amezeeka, wamupumzishe!" Na mwingine anamujibu toka kitanda cha mbali: "Ni bahati tu ndiyo ilikosa." Sisi makapita ndio tunaoamka kunyamazisha watu. Kwa hiyo tumeona afadhali tuandike mawazo yetu hapa, kila mutu ayasome akiwa ametulia, kuliko kubishana kila usiku mpaka Bwana wa nidhamu anakuja na tochi yake.

Tunasema wazi toka mwanzo: makundi yote mawili yanakosa. Wale wa kwanza wanaweka mzigo wa watu kumi na mmoja juu ya mabega ya mutu mmoja. Wale wa pili wanasema bahati, lakini ni bahati gani inayokosa miaka miwili mizima? Ugonjwa wa timu yetu uko na namna yake, na ukikaa chini kuhesabu utauona.

Tuhesabu basi. (Tunamushukuru dada mmoja wa Biolojia-Kemia aliyetuazima daftari lake, anaandikaka kila mechi kuliko wanaume wote wanaopiga kelele.) Tunachukua Makombe mawili ya Afrika: lile la Côte d'Ivoire, lililochezwa Januari na Februari 2024 ijapokuwa wakubwa wa mpira waliliita la 2023, na lile la Morocco lililoanza Desemba 2025. Kule tulicheza mechi 7, huku mechi 4. Jumla ni 11.

Katika mechi hizo 11 Léopards walifungwa magoli 7 tu, na kati ya hayo 7 mawili ni ya penalti. Tena hakuna hata mechi moja ambamo tulifungwa magoli mawili. Hata moja, wandugu! Morocco, waliokuwa wa nne duniani mwaka 2022, walipata goli moja. Misri, waliokwisha kubeba kombe mara 7, goli moja, na ni la penalti. Côte d'Ivoire, kwenye uwanja wao na mbele ya watu wao, moja. Senegal moja. Algeria walingoja mpaka dakika ya 119, wakati watu walikuwa wamekwisha kuanza kufikiri penalti. Timu yenye kufungwa namna hiyo si timu mbaya. Ziko nchi nyingi za Afrika zenye jina kubwa zinazotamani ukuta kama ule.

Sasa geuza ukurasa wa daftari. Magoli tuliyofunga sisi ni 11. Mutu wa haraka atasema: mechi 11, magoli 11, si vibaya, ni goli moja kila mechi. Lakini goli halikuja kila mechi. Guinea tuliwafunga 3 na Botswana 3. Ukitoa hizo mbili, zinabaki mechi 9 na magoli 5. Mara 4 tulitoka mikono mitupu: mbele ya Tanzania, mbele ya Côte d'Ivoire, mbele ya Afrika ya Kusini, mbele ya Algeria. Na mechi tulizoshinda ndani ya mchezo wenyewe ni 3 peke yake: Guinea, Benin, Botswana. Misri tuliwatoa kwa penalti, 8 kwa 7, usiku ule kipa wao alipogonga mti wa juu na kipa wetu Lionel Mpasi akaja mwenyewe kupiga na kutia. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ukweli ni huu: mwaka 2024 tulifika nusu fainali tukiwa na ushindi mmoja tu wa mchezo. Mutu ambaye hakufuata kombe lile hawezi kuamini.

Tuseme kwanza juu ya mlango, kwa sababu waliojenga wanastahili sifa. Wasomaji wadogo wa darasa la kwanza hawakumbuki tulitoka wapi. Kombe la Afrika lililochezwa Cameroun mwanzo wa 2022, Léopards hawakuwamo kabisa. Mwezi wa Machi 2022 tulipata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Kinshasa tulitoka 1-1 na Morocco, kisha Casablanca wakatupiga 4-1. Mwezi wa sita wa mwaka ule ule tukaanza kutafuta tikiti ya Kombe la Afrika kwa kufungwa na Gabon, tena kwetu, na kufungwa na Sudan. Ndipo alipokuja Mfaransa Sébastien Desabre. Kitu gani atafanya mutu anayekuta nyumba inavuja kila upande? Hawezi kuanza na kupaka rangi. Alianza na paa. Alimuweka Chancel Mbemba katikati ya mabeki kama nguzo, Arthur Masuaku upande wa kushoto, na mbele yao watu wa kukimbia bila kuchoka kama Samuel Moutoussamy na Charles Pickel. Katika kombe la 2024 pembeni ya Mbemba alisimama Henoc Inonga, ambaye wasikilizaji wa redio za Tanzania walikuwa wanamujua toka zamani kwa sababu alikuwa beki wa Simba ya Dar es Salaam. Baadaye akaja Axel Tuanzebe, akaja Aaron Wan-Bissaka. Ukuta ukakaza.

Hapa tunapenda kujibu neno moja linalosemwa sana na wenzetu, kwamba hii ni "timu ya watu wa Ulaya" ambao hata hawajui Kasongo iko upande gani. Inawezekana hawajui. Ni watu wangapi wa Kinshasa wanaojua? Lakini Mbemba alizaliwa Kinshasa, na Tuanzebe alizaliwa Bunia, mbele ya kupelekwa Uingereza akiwa mtoto. Na tarehe 7 Februari 2024, wakati wimbo wa taifa ulipopigwa mbele ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wote walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki, ili dunia ijue kwamba watu wa mashariki wanakufa na hakuna anayesema. Kati yetu hapa shuleni wako wenzetu waliokuja toka Kivu wakikimbia vita na kitanda chao mgongoni. Mmoja wao alituambia kwamba picha ile aliiona kwenye simu ya mjomba wake, na mjomba akalia. Kwa hiyo tunaomba: mulaumu mchezo wao, hilo ni ruhusa na sisi tunalifanya kwenye ukurasa huu huu, lakini musiseme hawako wetu.

Turudi kwenye mpira. Ugonjwa uko mbele. Angalieni ile mechi ya Guinea, ambayo wengi wanaitaja kama siku washambuliaji wetu waliamka. Goli la kwanza alitia Mbemba, beki. La pili ni penalti ya Yoane Wissa. La tatu ni fauli ya Masuaku, naye ni beki. Hakuna hata goli moja ambalo mshambuliaji alifunga mpira ukiwa unatembea! Songeni mbele mpaka Novemba 2025, kwenye mechi za kutafuta tikiti ya mchujo wa Kombe la Dunia, kule Morocco. Cameroun tuliwatoa 1-0 kwa goli la dakika ya mwisho, mpira wa kona. Nani alifunga? Mbemba tena. Siku tatu baadaye, Siku ya Mungu tarehe 16, Nigeria walitufunga dakika ya tatu, Meschack Elia akasawazisha, na toka hapo mpaka mwisho wa dakika za nyongeza hatukupata goli lingine, ijapokuwa Nigeria walicheza kipindi cha pili bila Osimhen wao. Desabre akamwingiza kipa mwingine, Timothy Fayulu, dakika za mwisho kabisa kwa ajili ya penalti, na Fayulu akazuia. Tukashinda 4-3. Na aliyepiga penalti ya mwisho ni nani? Mbemba. Kama mutu mmoja ni mlinzi wa mlango, na ni yeye tena anayetumwa kwenda sokoni kutafuta chakula, siku akichoka nyumba itakula nini?

Wale wa "Bakambu amezeeka" watasema: basi ndiyo maana tunasema wamupumzishe. Tungojeane kidogo. Ni kweli Cédric Bakambu alizaliwa 1991. Ni kweli mwaka 2024 alikosa penalti mbele ya Morocco, na ikaturudisha nyuma. Lakini nani alifunga mbele ya Senegal kule Morocco Desemba 2025? Bakambu. Nani alifungua magoli Kinshasa mbele ya Senegal hao hao Septemba 2025? Bakambu. Nani alitoa mpira kwa Elia siku ya Nigeria? Yeye. Shida yake kubwa, kadiri tunavyoiona, ni kwamba anasimama peke yake. Wachezaji wa pembeni wanarudi nyuma kusaidia mabeki, wale wa katikati wako tayari nyuma, na mpira ukipatikana unapigwa mbali kwa mutu mmoja mwenye kuzungukwa na watatu. Hata kijana wa miaka 20 angeshindwa.

Hapa Kasongo tunaelewa mambo hayo vizuri kwa mfano wa mpunga. Ukilima shamba kubwa na hakuna mtoto wa kufukuza ndege, utavuna majani. Lakini ukilima kishamba kidogo kama mukeka, kisha unaweka watoto sita wa kufukuza ndege toka asubuhi mpaka jioni, ndege hawatakula kitu, ni kweli, na nyinyi pia hamtakula sana.

Shamba kubwa bila mlinzi tulikwisha kuliona. Ni timu ya mwaka 1974, ambayo wazee wetu wanaitaja kila siku wakitaka kutunyamazisha. Mwezi wa Machi mwaka ule, kule Misri, Léopards walibeba Kombe la Afrika. Katika mechi 6 walifunga magoli 14. Ndaye Mulamba peke yake alifunga 9, na mpaka leo hakuna mutu aliyefikia hesabu hiyo katika kombe moja. Fainali ilichezwa mara mbili na Zambia, 2-2 kisha 2-0, na magoli yote manne ni ya Ndaye. Lakini katika mechi hizo 6 walifungwa pia 8, hata Congo ya ng'ambo ya mto iliwapiga 2-1. Nani alijali wakati ule? Kombe lilikuwa mkononi.

Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Waafrika weusi kufika kule. Scotland 2-0. Yugoslavia 9-0. Brazil 3-0. Magoli 14 waliyofunga Afrika, wakafungwa 14 Ulaya, katika mechi 3 tu! Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba pesa zao hazikufika na roho zilivunjika mbele ya mechi ya Yugoslavia, na hilo tunalikubali. Mutu mwenye kuibiwa hachezi vizuri. Kipa Kazadi alitolewa kisha goli la tatu. Ndaye alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake. Yote hayo ni kweli. Hata vile, nyuma kulikuwa wazi mbele ya siku ile, na magoli mengi ya Misri ndiyo yaliyoficha shimo. Na Mwepu Ilunga, aliyetoka kwenye ukuta akaupiga mpira wa fauli ya Brazil, walimucheka dunia nzima kama mutu asiyejua sheria. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba sheria alizijua sana. Ni beki mzuri aliyesimama mbele ya shimo ambalo si yeye aliyelichimba, na ndiye jina lake limebaki kwenye kicheko.

Basi leo tumeziba lile shimo la 1974, na tukaziba mpaka tukasahau kulima.

Sasa tunafika kwenye neno ambalo kwa sisi ni kubwa kuliko yote, na ambalo hatukulisikia katika ubishi wa usiku. Watu wanafikiri ukuta na ushambuliaji ni vitu viwili, kwamba ukiwa na ukuta mzuri unaweza kuvumilia mbele mbaya. Hapana. Mbele mbaya inaangusha ukuta. Mpira usipokaa mbele, unarudi. Ukirudi, mabeki wanasimama tena. Na mlango unaosukumwa masaa mawili mwisho utafunguka, hata ukiwa wa chuma. Angalieni dakika: Côte d'Ivoire 2024, dakika ya 65. Algeria, dakika ya 119. Na ile ya Kinshasa, tarehe 9 Septemba 2025, ambayo iliumiza watu kuliko zote. Tulikuwa tunaongoza Senegal 2-0 kisha nusu saa tu, Bakambu na Wissa, uwanja wa Martyrs unatetemeka, na hapa mjini watu waliokuwa kwenye nyumba za televisheni walitoka barabarani wakipiga masufuria. Tulichotakiwa kufanya ni kuendelea. Badala yake timu ikaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, kama mutu aliyeokota pesa na sasa anaogopa wezi. Mbele ya mapumziko Senegal wakapata moja. Mwanzo wa kipindi cha pili wakapata la pili. Dakika ya 87 la tatu. 3-2. Kwa ajili ya usiku ule Senegal wakamaliza wa kwanza katika kundi wakaenda moja kwa moja kwenye Kombe la Dunia, na sisi tukabaki wa pili na kuanza safari ndefu ya mchujo. Zaidi ya hayo Wissa aliumia goti katika mechi ile, akakosa Novemba na Kombe la Morocco pia, na mbele tukabaki wachache zaidi.

Mabeki waliofungwa 3 na Senegal ni wale wale ambao hawajafungwa 2 katika mechi 11 za Kombe la Afrika. Hawakusahau kazi katika saa moja. Walichoka kusukumwa, hakuna aliyewapunguzia mzigo.

Nini kifanyike? Sisi si walimu wa timu, na barua yetu haitafika kwa Desabre. Lakini mtu akituuliza, tungesema mambo mawili. La kwanza, wawili mbele, si mmoja, walau tukicheza na timu tunazozizidi. Mbele ya Tanzania mwaka 2024 tulitoka 0-0. Majirani zetu tunawapenda na lugha ni moja, lakini mechi ile ilikuwa ya kushinda. La pili, tujali zaidi washambuliaji wanaofunga hapa Afrika. Fiston Mayele alitoka Vita Club akaenda Yanga, na mwaka 2023 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika, akaipeleka Yanga fainali. Kisha akaenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 Pyramids wakachukua Ligi ya Mabingwa, yeye mfungaji bora tena. Katika kombe la 2024, Inonga wa Simba alipewa nafasi toka mwanzo wa mechi, Mayele zaidi alikuwa anaingia toka benchi. Wenzetu wanaopenda Yanga wanasema ni fitina. Hatuamini fitina. Tunafikiri ni ile hofu yetu ya siku zote: beki wa Afrika tunamwamini, mshambuliaji wa Afrika tunataka kwanza Ulaya imupe cheti. Wako watakaotujibu kwamba magoli ya klabu na magoli ya taifa si kitu kimoja. Sawa, lakini mutu ataonyeshaje kama anapewa dakika kumi na tano?

Sasa juu ya timu yetu ya shule, kwa sababu tusijidai kuangalia ya Kinshasa na kuruka ya hapa.

Sisi tuko 1974 bado. Kila mutu hapa ni mshambuliaji. Mwezi uliopita tulipocheza na wageni waliokuja toka upande wa Kabambare kwa baiskeli na pikipiki, wamechoka na matope ya barabara mpaka kwenye magoti, tuliwatia magoli 4. Wao wakatutia 5. Na kisha mechi, lawama zote zilianguka juu ya mutu mmoja: mlinda goli wetu, kijana wa darasa la pili. Walimuita "Yugoslavia". Wiki mbili nzima, kwenye foleni ya chakula, kwenye mto wakati wa kufua, hata kwenye chumba cha kulala, Yugoslavia, Yugoslavia. Siku moja akaleta glavu kwa kapita wa michezo, akaziweka kwenye meza bila kusema neno, akaondoka.

Dada wa daftari aliandika mechi ile pia. Tulimuomba atuonyeshe. Goli la kwanza: watu wetu saba walikuwa mbele, wageni wakakimbia watatu na beki mmoja. La pili: kona, na hakuna aliyemushika mutu wao mrefu. La tatu ni kosa la kipa, ndiyo, mpira ulipita katikati ya mikono. La nne na la tano ni kama la kwanza, watu wetu wako mbele mikono kiunoni, wanangoja mpira uwarudie. Magoli 5, na la kipa ni 1. Waliomuita Yugoslavia, baadhi yao ni wale waliokuwa wamesimama mikono kiunoni. Majina tunayo, hatuyaandiki.

Kwa hiyo sisi makapita tumekubaliana na mwalimu wa michezo, na Bwana Prefe ametoa ruhusa. Mazoezi yataanza tena Jumamosi saa tisa za mchana, kisha kazi za mikono. Timu itapangwa toka nyuma kwenda mbele, na hakuna mutu atakayechezea mbele mechi mbili bila kucheza nyuma moja. Wenye kupenda kucheza watoe majina kwa kapita wa michezo mbele ya Alhamisi. Kwa nafasi za mbele karatasi imekwisha kujaa, yako majina 31. Kwa beki wa kushoto hakuna jina hata moja. Na neno lile la Yugoslavia, atakayesikiwa akilitumia tena kwa mwanafunzi mwenzake atabeba maji ya jikoni siku tatu.

Glavu ziko bado kwenye sanduku la kapita wa michezo. Hatujampa mutu mwingine.